Balasaraswati na Ngoma ya Bharatanatyamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Balasaraswati alikuwa nani?

Thanjavur Balasaraswati, ambaye wapenzi wa sanaa nchini India humwita Bala tu, alikuwa mcheza ngoma aliyezaliwa Madras, mji unaoitwa Chennai siku hizi, tarehe 13 Mei 1918, na kufariki mjini humo humo tarehe 9 Februari 1984. Ngoma yake ilikuwa bharatanatyamu, ngoma ya kimapokeo ya kusini mwa India ambayo chimbuko lake liko katika mahekalu na makasri ya nchi ya Watamil. Katika muda wa maisha yake ngoma hiyo ilidharauliwa hadi kucheza kukawa aibu, kisha ikapewa jina jipya na kupandishwa katika kumbi za watu wenye heshima zao, na mwishowe ikawa fahari ya taifa inayopelekwa ng'ambo. Bala aliyaona yote hayo akiwa jukwaani, na katika yote hakukubali kuuacha msingi wa kile alichorithi kwa mama zake ili kuwaridhisha waliotaka ngoma iwe "safi" zaidi. Kwa sababu hiyo naona anastahili kusomwa kwa makini kuliko wasanii wengi waliotangazwa kumzidi.

Alitoka katika familia ya namna gani?

Alitoka katika familia ya wanawake wanamuziki, ambamo nasaba na elimu vilifuata upande wa mama. Ukoo wao ulihudumu katika kasri la wafalme wa Thanjavur kwa vizazi kadhaa, na ndiyo maana jina la mji huo hutangulizwa mbele ya jina lake. Bibi yake mzaa mama, Dhanammal, aliyeishi kuanzia 1867 hadi 1938, alikuwa mpigaji mashuhuri wa ala ya nyuzi iitwayo vina, na hata alipopoteza uwezo wa kuona, nyumba yake mjini Madras iliendelea kuwa mahali ambapo wanamuziki wakubwa walikusanyika Ijumaa jioni kumsikiliza kwa utulivu. Mama yake, Jayammal, alikuwa mwimbaji, na kwa miaka mingi ndiye aliyemwimbia Bala jukwaani. Kaka na dada zake nao walikulia katika muziki: Ranganathan akawa mpigaji wa mridangamu, ngoma ya kulazwa inayopigwa pande zote mbili kwa viganja na vidole, na Viswanathan akawa mpulizaji wa filimbi.

Mtoto wa nyumba ile alisikia nyimbo nzito kabla hajajua kusoma, na alijifunza kuimba kabla na wakati wa kujifunza kucheza. Kila jambo la pekee katika ngoma ya Bala, kama itakavyoonekana hapa chini, lina mzizi wake katika malezi hayo.

Devadasi walikuwa watu gani, na Bala alihusianaje nao?

Devadasi walikuwa wanawake waliowekwa wakfu kwa hekalu au waliohudumu katika makasri, ambao kazi yao ilikuwa kuimba na kucheza katika ibada, sherehe na maandamano ya miungu. Wengi walijua kusoma na kuandika katika zama ambazo wanawake wa tabaka nyingine walinyimwa elimu, waliweza kumiliki na kurithisha mali, na hawakuolewa kwa ndoa ya kawaida, bali waliishi na wafadhili waliokuwa mara nyingi watu wenye cheo au mali. Familia ya Bala ilitoka katika jamii hiyo.

Utawala wa Waingereza ulipoondoa nguvu za wafalme wa kienyeji, riziki ya wanawake hawa ilikatika, na baadhi yao wakaangukia katika unyonyaji uliokuwa wa kweli na wa kuumiza. Kuanzia miaka ya 1890 kukawa na kampeni ya kuwataka watu wasiwaalike tena katika sherehe zao, na baadaye daktari na mwanasiasa Muthulakshmi Reddy akasimama katika baraza la kutunga sheria la Madras kudai kwamba desturi ya kuwaweka wasichana wakfu ikomeshwe. Sheria ilipitishwa mwaka 1947. Nia ya kuwalinda wasichana haikuwa na kasoro, na Muthulakshmi Reddy anastahili heshima yake. Lakini kampeni ile iliwatia wanawake wote wa jamii hiyo katika kapu moja la aibu, na wasanii waliobeba elimu ya mamia ya miaka wakajikuta hawana mahali pa kuionyesha.

Alianza kucheza lini, na alifundishwa na nani?

Alianza akiwa na umri wa miaka minne hivi. Akiwa mdogo alimwona Mylapore Gauri Ammal, mmoja wa wacheza ngoma wa mwisho wa hekalu la Mylapore, na hamu ikamshika. Baadhi ya jamaa walisita, maana wakati huo kumwingiza binti katika ngoma kulikuwa kumwingiza katika matusi, na wanawake wa vizazi vya karibu katika nyumba yao walikuwa wameshika muziki na kuiacha ngoma. Mama yake alikubali.

Mwalimu wake alikuwa Kandappa Pillai, mzao wa ndugu wanne wa Thanjavur, yaani Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, ambao mwanzoni mwa karne ya 19 walipanga mfuatano wa onyesho unaotumika hadi leo. Kandappa alikuwa mkali mno. Mafunzo yalikuwa ya kila siku na ya saa nyingi: mwanafunzi hukaa katika mkao wa nusu kuchuchumaa, magoti yamefunguliwa kuelekea nje na mgongo umenyooka, huku mwalimu akigonga kijiti juu ya kipande cha ubao na kutamka silabi za mapigo, na mguu haukubaliwi kugusa sakafu kabla wala baada ya pigo lake. Hatua moja hurudiwa kwa mwendo wa polepole, kisha maradufu, kisha maradufu tena, hadi mapaja yatetemeke. Mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka saba, Bala alicheza hadharani kwa mara ya kwanza katika hekalu la mungu wa kike Kamakshi, mjini Kanchipuram.

Kwa upande wa kueleza hisia kwa uso na mikono alifundishwa pia na Gauri Ammal mwenyewe, na baadaye na Vedantam Lakshminarayana Sastri, ambaye alimfungulia mlango wa kubuni papo hapo.

Ngoma iliyodharauliwa ilipataje kuwa ngoma ya heshima?

Kabla ya miaka ya 1930 ngoma hii iliitwa kwa kawaida sadiri. Mwanasheria E. Krishna Iyer, aliyeipenda kiasi cha kuvaa mavazi ya kike na kuicheza mwenyewe ili watu waitazame bila dharau, alipigania iingizwe katika Chuo cha Muziki cha Madras, taasisi ya wapenzi wa muziki iliyoanzishwa mwaka 1928. Taasisi hiyo ilianza kuwaalika wacheza ngoma wa jadi katika mkutano wake wa kila mwaka, na jina la bharatanatyamu likashika nafasi ya lile la zamani. Bala alicheza hapo mwaka 1933. Mwaka uliofuata alicheza Calcutta, na huko watu wa kaskazini wakaiona ngoma hii ya kusini. Kati ya waliovutiwa naye miaka hiyo walikuwamo mshairi Rabindranath Tagore na Uday Shankar, mcheza ngoma aliyekwisha kujulikana Ulaya na Marekani.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mlango uliofunguliwa kwa ngoma haukufunguliwa kwa upana ule ule kwa wenyewe. Mabinti wa Wabrahmani, tabaka la juu la Wahindu, walianza kujifunza kwa wingi, kumbi zikajaa, shule zikafunguliwa, na ndani ya kizazi kimoja wanawake wa jamii iliyoitunza ngoma hiyo wakawa wachache sana jukwaani. Bala alikuwa miongoni mwa waliobaki, na ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote.

Alihitilafiana nini na Rukmini Devi Arundale?

Rukmini Devi, aliyezaliwa mwaka 1904 na kufariki 1986, alikuwa mwanamke wa Kibrahmani aliyelelewa katika mazingira ya Jumuiya ya Theosofia, chama kilichotafuta hekima ya pamoja ndani ya dini mbalimbali. Alijifunza ngoma ukubwani, akacheza hadharani mwaka 1935 na kuwashangaza watu wa tabaka lake, kisha mwaka 1936 akaanzisha shule ya Kalakshetra, ambayo imetoa wacheza ngoma na walimu wengi hadi leo. Alikuwa mjenzi hodari wa taasisi, na mtu hawezi kuandika historia ya bharatanatyamu akamruka.

Ugomvi wao ulihusu mapenzi. Nyimbo nyingi za ngoma hii zimetungwa kwa kauli ya mwanamke anayemtamani mpenzi wake, naye mpenzi ni mungu; anamsubiri, anamwonea wivu, anamfokea kwa kurudi alfajiri akiwa na alama za mwanamke mwingine. Rukmini Devi aliona kwamba hisia hizo, zikionyeshwa waziwazi, zinaishusha ngoma, kwa hiyo akaweka mbele ibada na hadithi za kale, na kuziacha nyimbo alizoona hazifai. Bala alijibu kwamba mapenzi hayo ndiyo ibada yenyewe, kwamba hakuna hisia nyingine inayoweza kumkaribisha mja kwa Mungu kwa njia nyingi namna ile, na kwamba mwenye kuona uchafu ndani yake ameuleta mwenyewe. Alisema kitu kisichochafuka hakihitaji kusafishwa.

Mimi nasimama upande wa Bala, si kwa sababu Kalakshetra haikuwa na mchango, bali kwa sababu neno "kusafisha" liliwahukumu wanawake halisi waliokuwa hai, waliokuwa wakiketi katika ukumbi huo huo na kulisikia. Bibi yake na mama yake waliimba nyimbo zile maisha yao yote.

Onyesho kamili hufuata mpangilio gani?

Bala mwenyewe alieleza, katika hotuba aliyotoa mwaka 1975, kwamba onyesho limejengwa kama hekalu kubwa la kusini. Mtu huingia kwa alaripu, ngoma fupi ya mapigo matupu ambayo ni lango la nje lenye mnara. Hupita katika jatiswaramu, ambapo mapigo hukutana na noti za muziki, kama anayevuka ukumbi wa kwanza. Hufika katika shabdamu, ambapo maneno na maana huingia kwa mara ya kwanza, na huu ndio ukumbi mkubwa. Kisha huingia katika eneo takatifu kwa varnamu. Varnamu ni kipande kirefu kuliko vyote, ambacho chaweza kuchukua karibu saa nzima, na humo mcheza ngoma hupokezana kati ya mistari ya hisia na mafungu makali ya miguu bila kupumzika. Baada yake huja padamu, nyimbo za polepole ambazo alizilinganisha na utulivu wa kuwa mbele ya mungu mwenyewe, na onyesho hufungwa kwa tilana, ngoma ya kasi na shangwe inayofanana na ile dakika ya kuwashwa kafuri mwishoni mwa ibada, kengele zikilia na umati ukichangamka.

Aliusisitiza mpangilio huu kwa sababu aliona wasanii wakiupunguza na kuuchanganya ili kuwafurahisha watazamaji wasio na subira. Kwake, mtu akiiondoa varnamu au kuiweka tilana katikati, ameuvunja ukuta.

Abhinaya ni nini, na ubora wa Bala ulikuwa wapi?

Abhinaya ni sanaa ya kueleza maana ya wimbo kwa macho, nyusi, shingo, mikono na mkao. Kuna ishara za mikono zenye majina na kanuni, na mwanafunzi yeyote mwenye bidii huweza kuzikariri. Kazi huanza baada ya hapo. Katika padamu, mwimbaji hurudia mstari mmoja mara nyingi, akiupamba kila mara kwa njia tofauti, na mcheza ngoma lazima aupe mstari huo huo maana mpya kila unaporudi, bila kupanga mapema na bila kupoteza pigo.

Chukua wimbo wa Kikannada uliohusishwa na Bala kuliko wote, ambao ndani yake Krishna, mungu wa Kihindu, akiwa bado mtoto, anaitwa aje upesi. Maneno ya wito ni machache, na mwimbaji huyarudia. Mara ya kwanza Bala huita kwa kiganja, kama mama yeyote anayemwita mtoto kutoka uani. Mara ya pili mtoto hajaja, naye humwonyesha siagi. Mara nyingine hujifanya amekasirika, akageuza uso huku jicho moja likichungulia kama mtoto ameguswa. Kisha mtoto huja karibu, hufungua kinywa, na mama huona ndani ya kinywa kile ulimwengu wote, kama hadithi ya Krishna inavyosimulia. Mkono uliokuwa ukishika kidevu cha mtoto hubaki hapo hapo, lakini uso huwa wa mja mbele ya Mola wake. Haya yote yaliweza kubadilika usiku mwingine, siagi ikaondoka na kitu kingine kikaingia, kulingana na jinsi mwimbaji alivyoubeba wimbo.

Aliweza hivyo kwa sababu alikuwa mwanamuziki kamili. Mara nyingi aliimba mwenyewe akiwa anacheza, na alifundisha kwamba kiungo kinapaswa kupinda pale sauti inapopinda. Alirithi pia hazina ya padamu za Kshetrayya, mshairi wa Kitelugu wa karne ya 17, ambazo nyumba ya Dhanammal ilizihifadhi kwa usahihi uliowafanya wanamuziki wengine waende huko kujifunza.

Je, ni kweli aliwahi kuacha kucheza?

Miaka ya 1940 ilikuwa migumu kwake. Kandappa Pillai alikuwa ameondoka kwenda kufundisha katika kituo cha Uday Shankar huko Almora, karibu na milima ya Himalaya, kisha akafariki mwaka 1941. Bala alisumbuliwa na maradhi, mialiko ikapungua, na ladha ya watazamaji ilikuwa imehamia kwa wasichana wa shule mpya. Alirudi jukwaani kwa msaada wa wapenzi wachache waliomwamini, akiwamo msomi wa Kisanskriti V. Raghavan, naye Ganesan, mwana wa Kandappa, akashika matoazi na kumwongozea ngoma kama baba yake alivyofanya. Baadaye Chuo cha Muziki cha Madras kilimpa nafasi ya kuendesha shule ya ngoma.

Aliolewa?

Kwa desturi ya jamii yake hakufunga ndoa rasmi. Aliishi katika uhusiano wa muda mrefu na R. K. Shanmukham Chetty, mwanasiasa aliyekuwa waziri wa kwanza wa fedha wa India huru na kuwasilisha bajeti ya kwanza ya nchi hiyo Novemba 1947. Binti yao, Lakshmi, alizaliwa mwaka 1943. Chetty alifariki mwaka 1953.

Alikuwa na urafiki gani na mwimbaji M. S. Subbulakshmi?

Walikuwa marafiki tangu ujana, wote wawili wakitoka katika jamii moja ya wanawake wasanii. Ipo picha yao ya miaka ya 1930, waliyopigwa studio wakiwa wamevaa pajama za kizungu na kushika sigara, mabinti wawili wanaocheka ndani ya mavazi ambayo nyumbani yangezua kesi. Naipenda picha hiyo kwa sababu wote wawili baadaye waligeuzwa sanamu za heshima, na watu wakasahau kwamba walikuwa vijana.

Alifikaje Marekani na Ulaya?

Mwaka 1961 alicheza Tokyo katika mkutano wa muziki wa Mashariki na Magharibi, na mwaka 1962 alikwenda Marekani, akacheza katika tamasha la Jacob's Pillow huko Massachusetts na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, jimbo la Connecticut. Mwaka 1963 alicheza katika tamasha la Edinburgh. Tangu hapo alirudi Marekani mara kwa mara kufundisha, na kaka zake Ranganathan na Viswanathan wakawa walimu huko Wesleyan kwa miaka mingi, hata chuo hicho kikawa kituo kikubwa cha muziki wa India ya Kusini nje ya nchi yake. Watazamaji wa huko hawakuelewa Kitelugu wala Kitamil, naye hakuwarahisishia kwa kufupisha nyimbo. Aliwaeleza maana kwa ufupi, kisha akacheza kama angecheza Madras.

Alipewa tuzo gani?

Alipata tuzo ya Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya sanaa za jukwaani, mwaka 1955, nishani ya Padma Bhushan mwaka 1957 na ile ya juu zaidi ya Padma Vibhushan mwaka 1977. Iliyo na uzito wa pekee ni Sangita Kalanidhi ya mwaka 1973, ambayo Chuo cha Muziki cha Madras huwapa wanamuziki. Kumpa mcheza ngoma kulikuwa kukiri alichokisema siku zote, kwamba ngoma yake ni muziki unaoonekana.

Kwa nini mtindo wake haukuenea kama mingine?

Kwa sababu hauwezi kufundishwa kwa haraka wala kwa makundi makubwa. Mwanafunzi alitakiwa kujifunza kuimba, kuzielewa raga, yaani mifumo ya noti ambayo nyimbo za India hujengwa juu yake, kuzijua lugha za nyimbo, kisha kubuni mwenyewe mbele ya watu. Haikutosha kunakili mwendo wa mwalimu. Darasa la watoto arobaini waliopanga mstari laweza kufundishwa alaripu, lakini haliwezi kufundishwa padamu kwa namna ya Bala. Mabadiliko ya kumbi nayo yalichangia. Abhinaya yake iliumbwa kwa ajili ya watu walioketi karibu kiasi cha kuona nyusi ikiinuka, na ukumbi wa viti elfu moja unapendelea miruko, mistari ya miguu na mavazi yenye kung'aa.

Hata hivyo hakuacha mkono mtupu. Nandini Ramani na Priyamvada Sankar ni miongoni mwa wanafunzi wake wa India waliouendeleza mtindo huu, na huko Marekani alipata wanafunzi waliokuwa na subira. Binti yake Lakshmi alicheza na kufundisha hadi alipofariki mwaka 2001, na mjukuu wake, Aniruddha Knight, ambaye baba yake ni mpigaji wa mridangamu wa Kimarekani, anacheza na kufundisha mtindo wa familia.

Anayetaka kumtazama leo aanzie wapi?

Aanze na filamu fupi ya hali halisi iliyotengenezwa na mwongozaji Satyajit Ray mwaka 1976. Bala alikuwa na umri wa miaka 58 hivi, mwili umenenepa, na Ray alimpeleka ufukweni auchezee wimbo ule wa Krishna, bahari ikiwa nyuma yake na upepo ukimpeperusha sari. Wapo wanaolalamika kwamba upepo unasumbua macho na kwamba Ray angempiga picha mapema zaidi, alipokuwa kijana, na malalamiko hayo yana haki yake. Lakini mtazamaji akiiangalia mara ya kwanza bila kufuata miguu, akatazama macho na kiganja tu, kisha akairudia akisikiliza pale mwimbaji anapovuta silabi, ataona kwamba kila mara sauti inapogeuka, kuna kitu katika uso wa Bala kilichokwisha kugeuka pamoja nayo.